Uzi wa Jeraha: Je, Aliyesimama Kutazama Ana Dhamana?



Ndugu zangu na dada zangu wa jumuiya, usiku mmoja mwaka jana, baada ya sala ya Isha, nilimlakinia shahada mtu ambaye muda wake wa kufa ulikuwa haujafika. Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya usiku ule, na kwa sababu ya swali ambalo halijaniacha tangu hapo: mtu anapochomwa kisu mbele ya macho yako, nawe si daktari, si polisi, wala si ndugu yake, una deni gani kwake mbele ya Mwenyezi Mungu?

Nilikuwa natoka msikitini kurudi chumbani kwangu, napita kando ya soko la Nakawa, upande wa Barabara ya Jinja. Wauzaji wa jioni walikuwa bado wamewasha taa zao juu ya nyanya na ndizi. Nikasikia ukelele: "Mubbi! Mubbi!" Aliyekaa Kampala hata wiki moja anajua kwamba neno hilo la mwizi likishatamkwa, watu huokota mawe kwanza, wakauliza baadaye. Nilipofika, kijana mmoja alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta, mpini wa kisu umesimama kifuani kwake, kushoto kidogo ya mfupa wa katikati. Wengine walisema ni mwizi. Wengine walisema yeye ndiye aliyeibiwa, na mwizi amekwisha kukimbia. Damu iliyoonekana nje haikuwa nyingi. Mimi nilidhani hiyo ni heri.

Waendesha bodaboda watatu walikuwa pale pale. Mmoja akaniambia, "Ssebo, huyo amechomwa moyoni, keshakwisha. Nikimbeba, polisi watanishika mimi." Wenzake wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kukubali.

Nilikuwa nimevaa kanzu, basi watu wakanipisha kama wanavyompisha shekhe. Nikachuchumaa, nikamshika mkono, ulikuwa baridi na umelowa jasho. Nikaanza kumtamkia shahada sikioni, taratibu, kama tulivyofundishwa. Sikujua hata kama ni Mwislamu. Nasema kweli mbele yenu: wakati ule niliona nimetimiza wajibu wangu, tena nikaona nimefanya jambo jema ambalo wengine wote pale hawakuliweza.

Mama mmoja muuza nyanya, Mkristo mwenye rozari shingoni, akanishika bega akanisukuma. "Mwanangu, unamzika akiwa hai? Tafuta gari!" Kijana mwingine alikuwa anainama ili achomoe kile kisu, mama yule akampiga mkono wake, "Kiache!" Kisha akaingia barabarani na leso yake mkononi, akasimamisha pikapu iliyobeba matoke. Nilisaidia kumpakia. Hilo ndilo pekee nililofanya usiku ule ambalo lilimfaa.

Siku ya tatu nilirudi sokoni kumtafuta mama yule. Aliniambia kwamba madaktari walifungua kifua, wakakuta damu imejaa kuuzunguka moyo, wakashona tundu. "Yupo," alisema. "Ameomba uji."

Nilichokijua na nisichokijua

Ndugu msomaji, muhula uliotangulia tulikuwa tumesoma mlango wa jinai katika fiqhi. Nilijua kwamba jeraha linalopenya hadi ndani ya uwazi wa mwili, kifua au tumbo, linaitwa jaaifa, na kwamba fidia yake ni thuluthi ya dia. Niliandika hivyo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Lakini jaaifa yenyewe ilipokaa mbele yangu ukutani, inapumua, sikujua hata jambo moja la kuifanyia. Nilijua bei ya jeraha bila kujua jeraha ni nini.

Baadaye nilimwendea ndugu yetu mmoja anayesomea udaktari, akanieleza. Moyo umo ndani ya mfuko mgumu usiotanuka kwa haraka. Madaktari wanauita perikadiamu. Kisu kikitoboa moyo, damu humwagikia ndani ya mfuko huo. Mililita 150 au 200 zikijikusanya kwa ghafla, yaani chini ya kikombe cha chai, zinatosha kuubana moyo kwa nje mpaka ushindwe kujaa. Moyo unapiga lakini hausukumi kitu. Shinikizo la damu linashuka, mishipa ya shingo inavimba, na daktari akiweka kifaa chake kifuani anausikia moyo kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango akiwa chumba cha ndani. Ndiyo maana damu ya nje ilikuwa kidogo. Ilikuwa ndani, inamkaba.

Lakini mfuko huo huo unaoua ndio huokoa kwa muda. Usingekuwepo, damu yote ingemwagikia kifuani kwa dakika chache. Mfuko huizuia, na tundu dogo la kisu huweza kuzibwa kidogo na damu iliyoganda. Hivyo aliyechomwa kisu hupata muda ambao aliyepigwa risasi mara nyingi haupati. Na kisu kilichobaki ndani huenda ndicho kizibo chenyewe. Ukikichomoa, umefungua bomba. Mama yule hakusoma udaktari, lakini alijua hilo.

Akifika hospitali, mashine ya ultrasaundi inaweza kuonyesha damu iliyouzunguka moyo. Daktari wa upasuaji hufungua kifua, ama katikati ya mbavu upande wa kushoto ama kwa kupasua mfupa wa katikati. Anakata mfuko, anatoa damu iliyoganda, na moyo unapata nafasi ya kujaa tena. Kisha huweka kidole juu ya tundu. Kidole cha binadamu, juu ya moyo wa binadamu mwenzake unaopiga, kuzuia damu isitoke mpaka uzi upite. Wengi wanaochomwa moyoni hufa kabla ya kufika mbele ya daktari. Kwa hiyo mara nyingi uhai wa mtu huamuliwa barabarani, na wasioijua kazi ya daktari, kama mimi na wewe.

Kukata tamaa kwa miaka elfu mbili

Yule kijana wa bodaboda aliposema "amechomwa moyoni, keshakwisha", hakusema neno la kijinga. Alisema walichosema wenye elimu kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Aristotle aliandika kwamba moyo hauwezi kustahimili dhara kubwa. Galen, aliyewatibu wapiganaji wa uwanjani kule Pergamon katika karne ya pili, aliona jeraha la moyo kuwa ni mauti. Hata al-Zahrawi wa Andalusia, ambaye yapata mwaka 1000 aliandika al-Tasrif na kueleza humo vyombo vya upasuaji na namna ya kutoa mishale mwilini, hakutuachia njia ya kushona moyo. Wote walikuwa watu wa akili na huruma. Walikuwa wameona mauti mengi.

Katika mwaka 1895, kule Norway, daktari Axel Cappelen alishona moyo wa mtu aliyechomwa kisu. Mgonjwa alifariki siku chache baadaye. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Septemba 1896, mjini Frankfurt, daktari Ludwig Rehn aliletewa kijana wa miaka 22 aliyechomwa kisu siku mbili kabla. Alikuwa anakufa. Rehn akafungua kifua, akakuta tundu la sentimita moja na nusu hivi katika chumba cha chini cha moyo upande wa kulia, akalishona kwa nyuzi tatu za hariri. Kijana akapona. Miaka sita baadaye, 1902, huko Montgomery katika Marekani, daktari Luther Hill alimshona moyo mtoto wa miaka 13 juu ya meza, nyumbani kwa mtoto huyo, kwa mwanga wa taa za mafuta. Naye akaishi.

Nataka tutulie hapa. Moyo wa binadamu haukubadilika mwaka 1896. Sindano na hariri vilikuwepo zamani. Bila shaka dawa ya usingizi na usafi wa vyombo vilisaidia sana, na hivyo vilikuwa vipya. Lakini kilichobadilika pia ni kwamba mtu mmoja alikataa kuchukulia kwamba kila aliyekufa kabla ni ushahidi dhidi ya huyu aliye hai mbele yake.

Imam al-Ghazali, katika kitabu cha tawakkul ndani ya Ihya, anagawa sababu za kuondoa madhara katika mafungu matatu. Kuna za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Kuna za dhana yenye nguvu, kama tiba nyingi za matabibu. Na kuna za kubahatisha tu. Kuacha zile za yakini si tawakkul, anasema, bali ni haramu pale mauti yanapohofiwa. Kuacha za kubahatisha ndiko kunakoingia katika tawakkul. Wanazuoni wengi wa zamani hawakuifanya tiba kuwa wajibu, na sababu yao ilikuwa hiyo: manufaa yake hayakuwa na uhakika.

Basi angalia. Kushona moyo wakati wa al-Ghazali kusingekuwa hata kubahatisha. Leo ni kazi inayofanywa na inayookoa watu. Njia ile ile imehama fungu, na kilichoihamisha ni juhudi za wanadamu. Hukumu inaifuata elimu inakokwenda. Ndiyo maana Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, lilipitisha kwamba tiba huwa wajibu pale kuiacha kunapopelekea kuangamia kwa nafsi, na kwamba katika dharura ambapo uhai uko hatarini, tiba haisubiri idhini. Anayebaki na hukumu ya "keshakwisha" anashikilia elimu ya zamani na kuiita imani.

"Ajali yake imefika"

Wako watakaosema: kila nafsi ina ajali yake, haitangulii wala haichelewi. Ni kweli, na tunaiamini. Lakini nani kakuonyesha ajali ya mtu aliyelala mbele yako? Mimi niliisoma ajali ya yule kijana kwenye mpini wa kisu, nikakosea.

Tunalo fundisho kwa Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake. Alipoambiwa kuna tauni Sham akaamua kurudi, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah. Jibu lake tunalijua sote: kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Na mwaka 23 Hijria, yeye mwenyewe alipochomwa jambia la makali mawili akiwa katika sala ya Alfajiri, hawakuanza na wasia. Aliitwa tabibu kwanza. Akanyweshwa kinywaji, kikatokea kwenye jeraha la tumboni. Akanyweshwa maziwa, yakatoka vilevile. Hapo ndipo alipoambiwa ausie. Walitanguliza uchunguzi, na shahada ikapata nafasi yake mahali pake. Mimi niliruka nikaenda mwisho.

Sisemi kumlakinia mtu shahada ni kosa. Ni sunna tukufu kwa anayekata roho. Ninachosema ni kwamba nilijificha ndani yake. Ilikuwa rahisi kuliko kuingia barabarani na kusimamisha gari, haikuchafua kanzu yangu, na ilinipa heshima mbele za watu.

"Lakini ni mwizi"

Hili ndilo lililotamkwa kwa sauti kubwa zaidi usiku ule, nami sitaki kulipita haraka, kwa sababu kati yetu wako walioibiwa simu na kompyuta, na hasira yao naielewa.

Tuchukulie alikuwa mwizi. Sheria yetu, ambayo wengi huidhania kuwa ni kali tu, inasemaje? Kwanza, hakuna mwizi mpaka kadhi athibitishe, kwa masharti mengi na mazito. Pili, hata yule aliyethibitika na hukumu ya mkono ikapita juu yake, mafaqihi wameagiza kwamba mara baada ya kukatwa, mkono uunguzwe kwa mafuta ya moto ili damu isimame. Jambo hilo linaitwa hasm. Wametofautiana kama ni wajibu au ni sunna, lakini hakuna aliyesema aachwe avuje damu mpaka afe. Yaani mwizi aliyehukumiwa, mbele ya serikali yenye mamlaka, bado ana haki ya damu yake. Itakuwaje kwa kijana aliyehukumiwa kwa ukelele mmoja kando ya soko?

Na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, lilipopita jeneza akasimama, akaambiwa huyo ni Myahudi. Akawauliza kama hiyo si nafsi. Swali hilo linatutosha. Katika Suratul-Maida, aya ya 32, Allah amelifanya tendo la kuihuisha nafsi moja kuwa kama kuwahuisha watu wote, na hakuweka sharti la kwanza kuichunguza tabia yake.

Mpaka leo sijui kama yule kijana alikuwa mwizi. Nimeacha kuuliza.

Uzi

Sasa nirudi kwenye swali la mwanzo. Mimi si daktari. Nina deni gani?

Jibu nimelipata mahali ambapo sikulitazamia. Shekhe Khalil bin Is-haq, faqihi wa Kimaliki wa Misri katika karne ya nane Hijria, ameandika Mukhtasar yake inayosomwa mpaka leo Afrika Magharibi na Sudan. Katika mlango wa kuchinja, anamtaja mtu anayepita akamkuta mnyama wa windo anayeweza kumchinja, akamwacha akafa nyamafu: huyo analipa. Kisha anaambatanisha na hilo kuacha kuokoa nafsi au mali inayoangamia, kwa mkono wako au kwa ushahidi wako. Na anaongeza: kumnyima mwenye jaaifa uzi wa kushonea jeraha lake. Akifa kwa sababu hiyo, aliyezuia uzi anabeba dhamana.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda. Neno ni lile lile la mtihani wangu, jaaifa. Lakini huku halikuja na bei ya aliyechoma. Limekuja na deni la aliyekuwa na uzi mkononi akautia mfukoni. Si madhehebu yote yanayokwenda umbali huo katika kulipisha fidia, na sisi wengi hapa Uganda ni Mashafii. Lakini katika dhambi ya kumwacha mtu afe nawe unaweza kumwokoa, sioni pa kukimbilia.

Wala Shekhe Khalil hakuzungumza na mshonaji peke yake. Amezungumza na mwenye uzi. Mwendesha bodaboda alikuwa na uzi wake: pikipiki. Mwenye pikapu alikuwa na wake, akautoa. Mama muuza nyanya hakuwa na kitu ila sauti na leso, akavitoa vyote. Mimi nilikuwa na miguu miwili na watu waliokuwa tayari kunisikiliza kwa sababu ya kanzu. Lau ningesema neno moja, "Mbebeni," huenda gari lingepatikana mapema zaidi. Huo ndio uzi niliouzuia.

Kuna uzi mwingine tunaotembea nao kila siku. Moyo ukishashonwa, mtu bado anahitaji damu badala ya ile iliyopotea, na haitengenezwi kiwandani. Benki ya damu ya Nakasero hupungukiwa mara kwa mara wakati wa likizo za shule, kwa kuwa wachangiaji wake wengi ni wanafunzi. Ramadhani nayo huwa na maswali yake. Wanaokiasi kutoa damu na kuumika wamekhitilafiana kama kunafunguza, basi mwenye shaka na achangie baada ya futari. Lakini achangie.

Na kwa sisi tunaosoma dini, kuna neno chungu zaidi. Al-Ghazali, katika kitabu cha elimu ndani ya Ihya, aliwalaumu watu wa zama zake: miji mingi haikuwa na tabibu ila asiye Mwislamu, na huku utabibu ni fardhi ya kutosheleza, watu walijazana katika fiqhi na mijadala yake. Yeye mwenyewe alikuwa faqihi, akasema hivyo. Sijaacha masomo yangu kwa sababu ya maneno hayo, na simwambii yeyote ayaache. Lakini nimejiandikisha kujifunza huduma ya kwanza, na nimeiomba kamati ya jumuiya yetu kwamba darasa la mlango wa jinai lisiishe bila ndugu zetu wa udaktari kuja kutuonyesha: kisu kilichokwama hakichomolewi, damu inayotoka kwingine hukandamizwa kwa kitambaa, aliyejeruhiwa kifuani hapewi maji ya kunywa, na dakika hazingoji mpaka watu wakubaliane ni nani mwenye makosa.

Mama yule bado anauza pale pale. Nikipita hunicheka kidogo na kuniita "shekhe wa mazishi". Nastahili. Nanunua nyanya zake, namwombea dua ya uongofu na umri mrefu, na kila mara namkuta mkono wake mwepesi kuliko ulimi wangu.

Ewe Mola wetu, usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaoijua bei ya jeraha na kuuficha uzi. Amin.

Wabillahi tawfiq.